Uso wa Pili wa Kitanzi

Mtu anayeumwa na kiroboto katika nyumba ya ugenini hufanya vituko. Hukung'uta mkeka wa mwenyeji, hupekua godoro, humulika nyufa za ukuta, na kesho yake hupita mitaani akitangaza kwamba kwa fulani hapalaliki. La kuvua shati lake mwenyewe na kulitazama ndani halimjii kabisa. Wahenga waliliona hilo wakalitungia methali, nami sitaitamka sasa hivi, maana methali ikitangulia kisa chake watu huitikia kwa kichwa na kwenda zao. Kwanza sikilizeni yaliyompata Bi Mitambo na wifi yake.

Bi Mitambo hakuzaliwa na jina hilo. Mtaa ndio uliompa, baada ya kuitumikia miaka mingi stesheni ya mawimbi iliyo kando ya uwanja mdogo wa ndege. Stesheni hiyo ina mnara mmoja mwembamba, na kazi ya mnara ni kutoa mawimbi marefu ya masafa ya chini, mchana na usiku, ili rubani aliyezibwa na mawingu aone mshale kwenye kioo chake ukimwelekeza pa kutua. Bi Mitambo aliingia pale msichana, akatoka fundi mkuu mwenye mvi. Siku ya kustaafu wenzake walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Yeye aliomba kitu kimoja tu, aendelee kupima nguvu za mawimbi kila asubuhi kutoka uani kwake. Kifaa cha stesheni kilikuwa kimeharibika zamani na hakuna aliyekumbuka kununua kingine, kwa hiyo walimkubalia kabla hajamaliza sentensi.

Chombo chake alikitengeneza kwa mikono yake. Alipigilia mbao mbili zikawa msalaba, akazungushia waya mwembamba wa shaba kwenye ncha zake, duru juu ya duru, mpaka ikapatikana fremu ya pembe nne. Akaisimamisha juu ya mguu wa stuli ili izunguke, akaiunga na redio kuukuu na mita yenye mshale. Mafundi huiita antena ya namna hiyo kitanzi. Majirani waliiita dirisha lililokimbia nyumba. Ukikielekeza kitanzi ubavu kule mawimbi yanakotoka, mshale unapanda. Ukikigeuza kikatazamana uso kwa uso na mawimbi, mshale unalala. Hapo mshale unapolala ndipo fundi anapoujua mwelekeo.

Lakini kitanzi kina ila moja, na Bi Mitambo aliwafundisha vijana wa stesheni ila hiyo mpaka koo likamkauka. Kitanzi kina nyuso mbili. Mshale ukilala, unajua mawimbi yako kwenye mstari huu, ila hujui kama yako mbele yako au mgongoni mwako. Ukitaka kujua, sharti ukibebe kitanzi chako, uondoke hapo, ukapime tena mahali pengine, na pale mistari inapokutana ndipo alipo mchawi wako. "Kitanzi hakisemi uongo," alipenda kuwaambia, "ila husema nusu."

Nyumba yake ilitazamana na karakana ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Kiwanja kilikuwa kimoja cha urithi, uani katikati, kamba ya kuanikia nguo ikikatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Wifi huyo alikuwa mdarizi. Alianza na cherehani ya miguu barazani, akapanda ngazi moja moja, mpaka akapata mashine kubwa ya umeme inayodarizi majina na maua kwa sindano nyingi kwa mpigo. Hospitali ilimpa kazi ya kudarizi shuka na sare zake zote. Hakuwa na mume wala mtoto. Alisema wazi, bila kujionea huruma, kwamba karakana ile ndiyo mume, mtoto na uzee wake, na siku ikifungwa wamtafutie na yeye sanda.

Mawifi hawa walitaniana hasa. Mdarizi akimwona mwenzake anazungusha fremu yake asubuhi, humuuliza kama marehemu kaka yake ameshapatikana hewani. Bi Mitambo humjibu kwamba amepatikana, anasalimia, na anauliza dada yake ataacha lini kuchungulia uani kwa watu. Kisha hukaa kwenye ngazi ya jikoni wakanywa chai, na anayesikia vicheko vyao hudhani ni ndugu wa tumbo moja.

Palikuwa na jambo moja tu baina yao ambalo halikuchekewa. Bi Mitambo alikuwa na mwana wa pekee, kijana mrefu mwenye ulimi wa asali, naye alimpenda kama mboni ya jicho. Kijana huyo aliwahi kufanya kazi karakanani. Siku moja shangazi yake alimrudisha kwa mama bila kelele, akasema tu kwamba nyuzi na vitambaa vinapungua, naye hapendi kuvunjiana heshima na damu yake. Neno lile Bi Mitambo alilimeza, lakini halikushuka. Chai iliendelea kunywewa, ila jina la kijana halikutajwa tena mbele ya vikombe.

Baadaye kijana akajianzishia mradi wa kuchaji betri za pikipiki za umeme. Alizipanga katika stoo iliyo nyuma ya jiko la mama yake, akanunua chaja za bei nafuu, zile ambazo hata aliyezitengeneza ameona haya kuandika jina lake. Waendesha pikipiki wakawa wanapita mlango wa nyuma, wanaacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Mita ya umeme ya nyumba haikuonyesha ongezeko la maana. Bi Mitambo, aliyejua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani betri moja inakula kiasi gani, aliitazama mita ile akafurahi kwamba mwanawe ana akili ya kubana matumizi. Fundi angeuliza umeme unatoka wapi. Mama hakuuliza, na hapo ndipo nyumba yake ilipoanza kuliwa.

Kelele zilianza majira ya mawingu. Bi Mitambo alifungua redio asubuhi, na badala ya ule mlio safi wa mnara, ti-ta, ti-ta, akasikia mngurumo kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Alidhani ni radi za mbali. Siku zilizofuata mngurumo ulikuja mapema zaidi na kukaa zaidi, mpaka sauti ya mnara ikawa inasikika kwa kubahatisha. Marubani nao wakalalamika kwamba wakishuka chini juu ya mtaa ule mshale wao unayumba kama mlevi. Mwishowe ndege iliyomletea mgonjwa damu iligeuza mawinguni ikarudi na damu yake ilikotoka.

Hapo mkuu wa stesheni akaja. Alikuwa kijana aliyefundishwa kazi na Bi Mitambo mwenyewe, na mbele yake bado alisimama kama mwanafunzi ingawa viatu vyake sasa viling'aa. Alieleza kwamba wakubwa wamemkalia kooni. Kuna mtambo mbovu mtaani unaomwaga kelele hewani, na mwenye nao akijulikana atakatiwa umeme siku ile ile, na hatarudishiwa mpaka kibali kitoke makao makuu. Kila mtu alijua kwamba kibali cha makao makuu hutembea kwa magongo. Na kwa kuwa chombo cha kupimia ni kimoja, kile cha uani, basi neno la Bi Mitambo ndilo litakalokuwa hukumu. Tuseme ukweli, kichwa kilimvimba. Tangu astaafu hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba neno lake ni hukumu.

Kesho yake asubuhi uani pakajaa. Mkuu wa stesheni alikuja na fundi umeme mwenye ngazi, majirani wakaja kwa sababu ya ngazi. Karakanani mashine ilikuwa ikitatarika kama kawaida, ikidarizi sare za wauguzi. Bi Mitambo alifungua redio, mngurumo ukajaa uani. Akakizungusha kitanzi taratibu, jicho kwenye mita. Mshale ulipanda, ukasita, ukaanza kuteremka, ukalala. Watu walifuata kwa macho kule uso wa kitanzi ulikotazama, wakajikuta wanatazama mlango wa karakana.

Mdarizi akatoka, uzi mwekundu umening'inia shingoni. Aliwatazama watu, akakitazama kitanzi, akamtazama wifi yake.

"Wifi, si wewe husema hicho kidude kina nyuso mbili?" aliuliza. "Mmoja unanitazama mimi. Wa pili unamtazama nani?"

Bi Mitambo aligeuka. Mgongoni mwake palikuwa na jiko lake, nyuma ya jiko palikuwa na stoo, na kwenye kona ya stoo mwanawe amesimama mikono mfukoni.

"Nyuma yangu ni kwangu," akasema. "Na kwangu nakujua."

"Basi toka ukapimie barabarani."

Hilo lilikuwa somo lake mwenyewe, neno kwa neno. Mkuu wa stesheni alishainama kushika mguu wa kitanzi amsaidie kukibeba, kama alivyofundishwa. Laiti neno hilo lingetoka kinywani mwa mkuu, Bi Mitambo angelitii na mimi nisingekuwa na kisa. Lakini lilitoka kwa wifi, na masikio ya Bi Mitambo hayakusikia somo. Yalisikia nyuzi zinapungua, vitambaa vinapungua. Lile neno la zamani lilijigeuza kooni, na mbele ya mtaa mzima akaona anaambiwa kwa mafumbo kwamba nyumba yake ndiyo yenye uchafu. Akamwambia mkuu aache kitanzi mahali pake. Hakuna haja ya kuzunguka, alisema, kuna kipimo kifupi zaidi: karakana ikatwe umeme, waone mshale utasema nini.

Fundi umeme akapanda ngazi. Mashine ilinyamaza katikati ya jina la mtu, na papo hapo mngurumo ukakatika, mshale ukatulia, na ile ti-ta ti-ta ikasikika uani, safi kama maji ya mtungi. Umeme uliporudishwa, nyuki wakarudi ndani ya debe. Ukakatwa tena, kukawa shwari. Mimi mwenyewe ningekuwepo ningeapa kwamba ni mdarizi. Watu waliguna, mkuu akashusha pumzi, na Bi Mitambo akasimama katikati ya uani na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Hakuna aliyekumbuka kutazama kona ya stoo, ambako hapakuwa tena na mtu.

Umeme wa karakana ulikatwa moja kwa moja siku hiyo, na mita ikatiwa lakiri. Alasiri mdarizi alivuka uani. Hakuja kwa ugomvi. Alikaa pale pale kwenye ngazi ya jikoni, akakunja mikono mapajani, akasema kwamba hospitali inangojea shuka zake na haitangoja sana. Kisha akaomba.

"Sikuombi unitetee, wifi. Mwambie yule mkuu wa stesheni aurudishe umeme kidogo tu, wewe ukibebe hicho kitu chako mpaka barabarani. Upime mara moja. Ukiniona ni mimi hata kutoka barabarani, nitafunga mlango mwenyewe."

"Umeme ulipokatwa kwako, kelele zilikoma," Bi Mitambo alimjibu. "Sasa unataka nikapime nini?"

Mdarizi akafungua kinywa, akakifumba. Akasema, "Haya, wifi," akajifuta vumbi, akarudi kwake. Bi Mitambo aliona ule mdomo uliofunguka na kufumbwa, akaufasiri kuwa ni wa mtu aliyeishiwa na hoja.

Katika siku hizo mradi wa kijana nao ulisimama. Alimwambia mama yake kwamba waendesha pikipiki wamehamia kwingine, na mama akambembeleza, akamwambia riziki haivutwi kwa kamba. Kwa mara nyingine fundi mkuu alikuwa na habari zote mkononi, na kwa mara nyingine mama alimziba macho.

Karakana ilikufa polepole, kama mgonjwa asiye na wa kumuuguza. Hospitali ilingoja, ikanung'unika, kisha ikapeleka shuka zake kwa mdarizi mwingine. Mkuu wa stesheni alifuatilia kibali, akaambiwa kiko njiani, na njiani ndiko kilikobaki. Mdarizi alijikaza kisabuni. Alirudi kwenye sindano ya mkono, akadarizi leso na vitambaa vya meza mpaka macho yakawa mekundu, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Mfanyabiashara mmoja wa mbali alikuja akainunua ile mashine kwa bei ya kuvuliana nguo, akaifungua vipande vipande pale pale uani, na mdarizi akamsaidia kutafuta skrubu zilizoangukia mchangani. Kampuni ya umeme nayo ikaja ikang'oa mita. Siku alipoondoka kwenda kukaa kwa binti wa ndugu yake, alipita chini ya kamba ya nguo na sanduku lake, akamkuta mwenzake anapima mawimbi.

"Kwaheri, Bi Mitambo," akasema.

Tangu aolewe katika ukoo ule Bi Mitambo hakuwahi kusikia jina hilo likitoka kinywani mwa wifi yake. Alijibu kwaheri. Kisha akageukia mita yake, nayo ilionyesha kwamba mawimbi ni safi.

Usafi huo haukudumu. Asubuhi moja Bi Mitambo alifungua redio, mngurumo ukampiga masikioni. Aliizima, akaiwasha tena. Akaukaza kila waya. Kisha akakizungusha kitanzi, na mshale ukalala kwenye mstari ule ule wa zamani, uso wa kitanzi ukiutazama mlango wa karakana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ndani hapakuwa na mashine, hapakuwa na mita, hapakuwa na hata balbu. Bi Mitambo alikaa chini, pale pale mchangani, mwanamke mwenye mvi na sketi nyeupe, na kwa muda hakuthubutu kugeuza kichwa atazame nyuma.

Halafu akapiga moyo konde, akainuka, akakibeba kitanzi mpaka barabarani. Mshale ulilala kitanzi kikitazama jiko lake. Akazunguka upande wa pili, akapimia kwenye uzio wa jirani. Mistari yote ilikutana mahali pamoja. Kadiri alivyokaribia ndivyo mngurumo ulivyopanda, mpaka akalazimika kupunguza sauti ya redio, na alipofika mbele ya stoo mshale ulikuwa umegota mwisho wa mita na kutetemeka pale.

Ndani, betri zilikuwa zimepangwa upya, chaja za bei nafuu zimewaka taa zao za kijani na nyekundu, moto hata kuguswa hazigusiki. Waya wao ulikwenda kwenye soketi ya jikoni kwake. Alipozichomoa, mngurumo ukakatika kwenye redio kule nje na mnara ukasikika. Lakini nyuma ya kreti za betri, pembeni mwa sakafu, aliona kitu kingine: waya mnene wa kijivu unaotokea ardhini, utepe wake umebanduliwa, ncha zake za shaba ziko wazi na zinang'aa. Waya ule aliujua. Ulizikwa siku za mumewe, wakati nyumba na karakana vilipokuwa na mita moja, upande wa karakana. Walipotenganisha mita ni yeye Bi Mitambo aliyeukata hapa stoo na kuufunga utepe, akauacha ardhini kwa sababu kuufukua kungeharibu saruji. Upande wa karakana hakuukata. Nani angeugusa, alisema wakati ule, ni kwetu kwa kwetu.

Sasa akaelewa kwa nini mita yake haikuwahi kupanda, na kwa nini karakana ilipokatwa umeme kelele zilikoma.

Kijana aliingia na betri begani, akamkuta mama yake ameushika ule waya. Akaiteremsha betri taratibu.

"Huu uliuunga lini?"

Kijana alisema ni zamani kidogo. Alisema shangazi alikuwa na umeme mwingi, asingehisi. Alisema alikuwa na nia ya kumwambia mama mambo yakitengemaa. Ule ulimi wa asali ulijitahidi, kisha ukakauka.

"Siku ile uani, ulijua kwamba ni chaja zako?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza. Shangazi yako anavuliwa nguo mbele ya watu, wewe umesimama pale, ukanyamaza."

"Nilidhani utapimia barabarani, mama," kijana alisema. "Siku zote unasema mtu hapimi mara moja. Nikasema moyoni, sasa hivi atanikamata. Nikaingia ndani kukungoja. Hukuja."

Bi Mitambo hakupiga kelele, wala hakumpiga. Aliona haya, haya ya mwili mzima, ya mtu aliyetembea mtaani siku nyingi nguo imechanika nyuma na hakuna aliyemwambia. Ila yeye aliambiwa. Aliambiwa mbele ya watu, akaombwa tena jikoni kwake, na alikataa mara zote mbili.

Alikwenda stesheni akamwambia mkuu kwamba mtambo mbovu ulikuwa kwake tangu mwanzo, ukila umeme wa karakana kwa waya wa zamani. Mkuu akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeuunga, maana wizi wa umeme una jela yake. Bi Mitambo alitazama sakafu aliyoifahamu tangu usichana.

"Waya ni wa zamani," akasema. "Niliuacha mimi."

Mkuu alimwelewa, na kwa heshima hakuuliza tena. Akasema atahakikisha karakana inarudishiwa umeme. Alipomaliza kusema akakumbuka kwamba hakuna karakana, akaanza kupanga kalamu mezani.

Bi Mitambo akafunga safari kumtafuta wifi yake. Alimkuta kwenye baraza la duka la mtu, nyuma ya cherehani ya miguu ya kuazima, anapindisha pindo la suruali. Alikuwa amekonda. Hakumpa kiti, kwa hiyo Bi Mitambo alieleza yote akiwa amesimama, barabarani watu wakipita: kelele zilizorudi, stoo, chaja, alivyokwenda kujisema stesheni. Alipofika kwenye waya, mdarizi hakuinua hata kichwa.

"Waya niliuona zamani," alisema.

Bi Mitambo alishika nguzo ya baraza. "Uliuona?"

"Umeme ulikuwa unaniishia ovyo, nikafuatilia mpaka pembeni mwa ukuta. Nikasema acha ale, ni mtoto wa kaka yangu. Mawimbi mimi siyajui, sikujua kama angeniletea na kelele. Siku ile uani ndipo nilipojua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia kuhusu nyuzi, ukaninunia mpaka leo. Ningesema mbele ya watu, angefungwa. Ningesema jikoni kwako, ungesema nina chuki na mwanao. Nikaona bora hicho kitu chako kikuambie, hicho unakiamini. Nilikuomba ukibebe tu."

Bi Mitambo aliomba radhi. Aliomba kama mtoto, bila kujali wapita njia. Alisema umeme utarudi, chumba kipo, yeye atauza kila alichonacho mashine nyingine ipatikane. Mdarizi alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Na yeye umemfanya nini?" akauliza.

Bi Mitambo alilitazama pindo la suruali kwenye cherehani.

"Yupo," akasema. "Yupo nyumbani."

Mdarizi alikata uzi kwa meno, akaikunja ile suruali, akavuta nyingine. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Bi Mitambo angeshukuru kuona hasira.

"Basi rudi," mdarizi alisema. "Saa hizi mwanao ana njaa."

Bi Mitambo akarudi. Alimkuta kweli ana njaa, akawasha jiko, akampikia, akakaa kumtazama akila. Fundi mzima aliyewaelekeza marubani mawinguni maisha yake yote, alimfukuza asiye na hatia kwa kelele zilizotoka nyuma ya jiko lake, na hata baada ya kujua bado alikuwa anamwongezea chakula aliyezitoa. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.